Uliza Tukujibu: Chungu, mtungi na jiko, na namna ya kubuni chako

Barua za toleo hili karibu zote zina kilio kimoja. Msomaji anapenda vyombo vya udongo, anataka kubuni cha kwake, na mahali fulani kati ya mchoro na moto mambo yanaharibika. Tumechagua saba.

Shikamooni wataalamu. Nasoma ubunifu wa bidhaa, mwaka wa pili. Nimepewa kazi ya kubuni vyombo vya mezani vyenye asili ya kwetu, lakini kila nikichora najikuta nabandika mistari na pembetatu kwenye vikombe vya kawaida. Mwalimu anasema hayo ni mapambo tu. Nianzie wapi? – Msomaji, Dar es Salaam

Marahaba. Mwalimu wako yuko sahihi, na kutafuta nakshi nzuri zaidi hakutakusaidia. Weka penseli chini kwanza. Nenda sokoni ukanunue chungu kimoja cha kupikia na mtungi mmoja wa maji, vyote vilivyochomwa kwa kuni na visivyopakwa rangi. Viweke mezani, na kwa kila sehemu ya chombo jiulize: hii inafanya kazi gani? Andika jibu kwa sentensi moja.

Anza na kitako. Chungu hakina kona chini kwa sababu mbili. Moto unakizunguka sawasawa, hivyo hakuna sehemu inayotanuka upesi kuliko ya jirani na kukipasua. Tena kinatulia juu ya mafiga matatu hata mawe yasipolingana. Panda mdomoni: ukingo umepinduliwa nje ili ushikike kwa kitambaa wakati wa kuepua, na ili kifuniko kikae bila kuteleza. Sasa geukia mtungi. Shingo nyembamba inazuia maji yasimwagike njiani kutoka kisimani, na vumbi lisiingie. Ukuta haukupakwa glezi, ule mpako unaogeuka kioo motoni, kwa hiyo maji kidogo hupenya hadi nje, hukauka, na yakikauka huondoka na joto. Hata ule mkanda wa nakshi begani, uliopigwa kwa gunzi la mahindi au kwa kamba iliyosokotwa, una kazi yake: mkono uliolowa hautelezi hapo.

Ukimaliza zoezi hilo utakuwa na orodha ya maamuzi, na humo ndimo ilimo asili unayoitafuta. Sasa chukua kadibodi, uikate kidogo kidogo mpaka iingie ubavuni mwa chungu kuanzia mdomo hadi kitako bila kuacha nafasi. Hiyo ndiyo ramani ya umbo. Ipunguze hadi ukubwa wa bakuli, kisha badilisha jambo moja tu.

Mfano mmoja. Bakuli lenye kitako cha mviringo halisimami mezani. Wengi hukata kitako kiwe bapa, na hapo hapo umbo linakufa. Acha mviringo, ulibunie kata, yaani pete ya kulikalisha, ya ukindu au ya mbao. Bakuli likiwa na upana wa sentimita 16 mdomoni, kata iwe na kipenyo cha sentimita 8 hivi. Ukiipunguza hadi 5, kijiko kikiegemea ukingoni bakuli linapinduka. Kata ya ukindu iwe ya kutoka, isigundishwe, kwa sababu mchuzi ukiingia kwenye nyuzi kunaota ukungu. Kwa kazi ya mwaka wa pili, bakuli moja na kata yake, vilivyofikiriwa hadi mwisho, vinatosha kabisa.

Ukitaka kuona umbali ambao njia hii inaweza kufika, tazama kazi za Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alijifunza Uingereza na pia Abuja nchini Nigeria, kwenye kituo alichofanyia kazi Ladi Kwali, yule mfinyanzi ambaye picha yake imo kwenye noti ya naira 20. Odundo hujenga chombo kwa mkono bila gurudumu, hukipaka uji laini wa udongo, hukisugua mpaka king'ae, na hatumii glezi. Rangi ya chungwa hutokana na moto wenye hewa ya kutosha, nyeusi na moto ulionyimwa hewa. Nakshi karibu hakuna. Tumbo, shingo na mdomo ndivyo vinavyosema, na kila mtu anatambua vimetoka wapi.

Habari za kazi. Sisi ni kikundi cha akina mama wafinyanzi. Tukichoma vyungu ishirini tunapoteza hata vinane. Vingine vinalipuka mwanzoni, vingine tunavitoa vizima halafu vinapiga ufa, na vipo vinavyobanduka vijipande wiki mbili baadaye, ukitazama ndani ya kishimo unaona doa jeupe. Tumeambiwa tunaacha hewa ndani ya udongo. – Kikundi cha wasomaji, Tanga

Nzuri, mama zetu, na poleni kwa hasara. Mmetuandikia vizuri kwa sababu mmetenganisha dalili. Hayo ni matatizo matatu, na kila moja lina sababu yake.

Kinacholipua chungu mwanzoni mwa moto ni maji. Hewa peke yake inasingiziwa. Maji yaliyobaki ndani ya ukuta yakigeuka mvuke hujaa nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya awali. Yakipata muda hupenya taratibu na kutoka, yasipoupata yanarusha kipande cha ukuta. Ndiyo maana vyungu vinene, na hasa vitako vinene, ndivyo vinavyolipuka. Ukuta wa chungu cha kupikia uwe milimita 6 hadi 8, na kitako kisizidi hapo. Kausheni kivulini kwa wiki moja, wakati wa masika wiki mbili au zaidi. Kabla ya kuchoma, wekeni kitako cha chungu shavuni: kikiwa cha baridi kuliko hewa, bado kina maji.

Hata kikifaulu shavuni, kipasheni moto kwanza. Vipangeni vyungu kifudifudi juu ya mawe, tandazeni makaa machache chini yake, na mviache saa mbili au tatu. Shikeni kijiko baridi cha chuma karibu na chungu. Kikifanya umande, mvuke bado unatoka. Umande ukikoma ndipo mpange kuni na kuwasha moto mkubwa. Hatua hii watu huiruka kwa haraka ya kumaliza kabla ya jioni, na hapo ndipo vinane vinapopotea.

Tatizo la pili, ule ufa unaotokea chungu kikiwa kimeshaiva, linatokana na kupoa haraka. Ndani ya udongo na mchanga mna madini yaitwayo kwazi, ambayo hutanuka ghafla moto ukipanda kupita nyuzi 573 za sentigredi na hunywea ghafla ukishuka hapo. Upande mmoja wa chungu ukipigwa na upepo wa bahari huku wa pili umefunikwa na makaa, pande mbili zinanywea kwa nyakati tofauti, na ufa unaanzia mdomoni kwenda chini. Jengeni ukuta mfupi wa mabati au vigae vikubwa upande wa upepo. Moto ukiisha funikeni kwa majivu, msifunue mpaka chungu kishikike kwa mkono mtupu.

Mtasema wapo wafinyanzi wanaoepua chungu kikiwa chekundu na kukinyunyizia maji ya magome papo hapo. Ni kweli. Hakipasuki kwa sababu udongo wao una chenga nyingi ndani yake: ufa ukianza unakutana na chenga na kuishia hapo. Ninyi pia mnaweza kuongeza. Twangeni vigae vya vyungu vilivyovunjika, msivitupe kamwe, mpaka chenga ziwe ndogo kuliko punje ya mchele. Changanyeni kopo moja la chenga kwa makopo manne ya udongo. Fanyeni vibao vitatu vya majaribio, kimoja kopo moja kwa sita, kimoja kwa manne, kimoja kwa matatu, mvitie alama kabla ya kuchoma. Chenga zikizidi, udongo unakatika mkiukunja na mdomo wa chungu unachanika. Zikipungua, motoni hamna kinga.

La tatu ni chokaa, na hili ni la watu wa pwani hasa. Vijipande vya matumbawe au vya makombe vilivyo ndani ya udongo hugeuka chokaa hai moto ukikaribia nyuzi 800. Baadaye chokaa hiyo hunywa unyevu wa hewani, huvimba, na kubandua uso wa chungu. Chukueni bonge kavu la udongo mlidondoshee siki. Likichemka povu, chokaa imo. Lowekeni udongo uwe uji, uchujeni kwa kipande cha chandarua kilichokunjwa mara mbili, kisha uacheni utuame. Na kama mnachanganya mchanga wa ufukweni, acheni leo. Una chumvi na makombe yaliyosagika. Tumieni wa mtoni.

Nataka kutoboa mtungi wetu na kuuwekea bomba la kufungulia, lakini fundi amenipasulia miwili. Inawezekana kweli? – Msomaji, Kisumu

Inawezekana, na mfano mzuri uko jirani nawe. Watu wa Nyanza walikuwa wakihifadhi maji ya kunywa kwenye mitungi ya mdomo mpana na kuyachota kwa kikombe, na mkono ndio uliokuwa ukiyachafua hata kama yametiwa dawa. Kuwapa ndoo za plastiki kungekuwa rahisi, ila watu wanayapenda maji ya mtungini kwa ubaridi wake. Basi vikundi vya wanawake wafinyanzi vilitengeneza mtungi ule ule, ila wenye mdomo mwembamba usiopitisha mkono, kifuniko, na bomba chini. Hakuna aliyelazimika kubadili mazoea yake. Tunauhesabu kati ya ubunifu bora kabisa wa ukanda huu, kwa sababu umegusa kilichokuwa na kasoro na kuacha kilichokuwa kizuri.

Siri ni kwamba tundu hutobolewa kabla ya kuchoma. Mwambie mfinyanzi aongeze kiraka cha udongo upande wa ndani, chenye upana wa kiganja, sentimita 5 juu ya kitako, mahali ukuta ufike milimita 12. Tundu likatwe udongo ukiwa umeshikana lakini bado una unyevu, nalo lizidi unene wa shingo ya bomba, maana litapungua (hesabu yake utaiona kwenye barua ya taa hapa chini). Uso wa kiraka usawazishwe uwe bapa ndani na nje. Bomba lifungwe kwa mpira wa duara pande zote mbili, na nati ikazwe kwa mkono tu. Spana ndiyo iliyokupasulia mitungi, au basi kekee iliyopigwa kwenye udongo ulioiva. Likivuja kidogo siku ya kwanza, subiri udongo ushibe maji kabla ya kukaza zaidi. Bomba liachwe juu kidogo ya kitako kama tulivyosema, ili tope litulie chini yake.

Nimetengeneza friji ya vyungu viwili na mchanga mbichi katikati kama nilivyoona mtandaoni. Nyanya zinaoza vile vile. Nimekosea wapi? – Msomaji, Mombasa

Hujakosea, umeijenga mahali pasipofaa. Chombo hiki kilisambazwa kaskazini mwa Nigeria na mwalimu Mohammed Bah Abba tangu mwaka 1995, na kule hewa ni kavu. Kinapoza kwa maji kukauka tu. Siku ya nyuzi 30 yenye hewa kavu, unyevu ukiwa asilimia 30, kitu kilicholowa kinaweza kushuka hadi chini kidogo ya nyuzi 20. Siku hiyo hiyo kwenye unyevu wa asilimia 80, kama ilivyo kawaida Mombasa, hakishuki chini ya 27. Nyanya haioni tofauti.

Walioko Garissa, Lodwar, Dodoma au Singida wakati wa kiangazi wakijenge bila wasiwasi. Chungu cha nje kisipakwe rangi wala varnishi. Nafasi kati ya vyungu iwe sentimita 3, mchanga umwagiwe maji asubuhi na jioni, kitambaa kibichi kifunike mdomo, na chombo chote kiinuliwe juu ya mawe matatu kivulini ambapo upepo unapita. Kinafaa mboga na matunda. Nyama na maziwa mabichi visiwekwe humo hata kidogo.

Nataka kufinyanga kivuli cha taa chenye matundu. Cha kwanza kilikuwa kizuri, ila kishikio cha balbu hakikuingia. – Msomaji, Arusha

Udongo hupungua ukikauka na kupungua tena ukichomwa, na kila udongo una kiasi chake, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 12. Upime wako. Tengeneza kibao cha sentimita 14 kwa 4, unene wa milimita 8, na ukiwa bado mbichi chora mstari wa sentimita 10 kamili. Kausha, choma, kisha pima mstari. Ukisoma 9.1, udongo wako unapungua asilimia 9. Shingo ya kishikio ikiwa na kipenyo cha milimita 40, gawa 40 kwa 0.91 upate 44: hilo ndilo tundu la kukata kwenye udongo mbichi. Kosa la kawaida ni kuongeza asilimia 9 kwenye 40. Unapata 43.6, na chombo kinabana.

Matundu ya nuru yakatwe kwa bomba jembamba la bati lililonolewa, udongo ukiwa umeshikana kiasi cha kutobonyea kwa kidole lakini kucha ikiacha alama. Ukikata mapema kingo zinanyong'onyea, ukichelewa zinamomonyoka. Acha angalau kipenyo kimoja cha tundu kati ya tundu na tundu. Anza na machache, uwashe taa ndani yake gizani kabla ya kuongeza, kwa sababu kinachopendeza mchana kwenye ukuta wa chombo si lazima kipendeze usiku kwenye ukuta wa chumba. Juu acha nafasi ya hewa kutoka, na tumia balbu ya LED.

Kwa nini udongo wa ndani ya jiko langu la makaa unapasuka kila baada ya miezi michache? – Msomaji, Nairobi

Mara nyingi ni maji. Kuzima makaa kwa kuyamwagia maji yakiwa ndani ya jiko kunaumaliza udongo kwa siku moja; toa makaa kwa koleo uyazimie pembeni. La pili ni jiko jipya kuwashwa kwa moto mkali siku ya kwanza. Washa makaa machache mara mbili tatu ndipo ujaze. La tatu ni ufundi: kati ya bati na udongo panatakiwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, chenga nyepesi zinazobonyea kidogo. Bati linatanuka kuliko udongo, na bila mto huo udongo unavutwa na kukatika. Gonga kwa kidole kabla ya kununua, na ukisikia uwazi nyuma ya udongo, liache.

Kwa anayesoma ubunifu, jiko hili linastahili kukaa mezani pamoja na chungu na mtungi. Lilibuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya kutazama jiko la ndoo la Thailand, ambalo udongo hujaa hadi chini. Huku likapewa kiuno: udongo uko nusu ya juu tu, palipo na moto, na kitako cha bati ni kipana kiasi cha kuhimili mwiko unaosonga ugali. Likawa jepesi, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, waliweza kulikunja kwa vifaa walivyokuwa navyo tayari.

Je, chungu kilichopakwa rangi nzuri kinafaa kupikia? – Msomaji, Morogoro

Rangi ya mafuta, hapana. Hicho ni cha maua. Kama ni glezi na hujui imetoka wapi, tia siki ndani ikae usiku kucha. Asubuhi glezi ikiwa imepauka au siki imebadilika rangi, usilie chakula humo. Isipobadilika bado haijathibitika kuwa haina risasi, ile metali yenye sumu, kwa hiyo vyombo vya ndimu, ukwaju na achari nunua kwa anayeweza kukueleza alichopaka.

Chungu kisicho na rangi kiloweke maji usiku mmoja, kisha upike uji mwembamba wa mahindi kwa moto mdogo kwa saa moja, ukiacha upoe humo humo. Wanga unaziba vitundu. Umwage, usuuze bila sabuni, maana udongo huinywa sabuni na kuirudisha kwenye mchuzi. Kikae kifudifudi mahali penye hewa, bila kifuniko.